Alexander Fleming: Tabibu wa vidonda vya vita aliyeonya kwamba dawa yake ingeshindwa

JINA la Sir Alexander Fleming si geni kwa yeyote aliyewahi kuketi darasani akafundishwa sayansi. Takriban kila mwanafunzi husimuliwa kisa cha kisahani kilichoota ukungu katika maabara moja jijini London mwaka 1928, na jinsi ukungu huo ulivyoipa dunia penisilini, dawa iliyookoa maisha ya mamilioni ya watu.

Hata hivyo, kisa hicho hakikuanza na ukungu. Kilianza na vidonda vya askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambako Fleming alishuhudia vijana wakifa, si kwa risasi yenyewe, bali kwa viini vilivyoingia pamoja nayo. Wala hakikuishia katika sifa na nishani. Mtu yule yule aliyegundua dawa ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuionya dunia kwamba dawa hiyo ingepoteza makali iwapo ingetumiwa ovyo.

Sasa ni zaidi ya miaka 70 tangu aage dunia. Onyo lake linatimia kila mahali, lakini linatimia upesi zaidi katika nchi ambazo vita vimedumu kwa miaka mingi. Ndiyo sababu maisha ya bwana huyu yanastahili kusimuliwa upya.

Mwana wa mkulima

Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881, katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, eneo la Ayrshire nchini Scotland. Babake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima aliyefiwa na mke wa kwanza, akaoa tena akikaribia umri wa miaka 60. Alexander alikuwa wa tatu kati ya watoto wanne wa mke wa pili, Grace Morton. Mzee huyo alifariki mvulana akiwa na umri wa miaka saba, akamwachia mjane wake mzigo wa shamba na malezi.

Baada ya kusoma katika shule za mashambani na kisha Kilmarnock Academy, kijana huyo alihamia London akiwa bado hajatimiza miaka 15, akaishi na nduguye wa baba mmoja, Tom, aliyekuwa daktari. Alifanya kazi ya ukarani katika kampuni ya meli kwa miaka minne, kazi ambayo hakuipenda. Bahati ilimwangukia ami yake alipofariki na kumwachia urithi mdogo. Kwa ushauri wa Tom, aliutumia kusomea udaktari, na mwaka 1901 akajiunga na chuo cha matibabu cha Hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington.

Inasimuliwa kwamba aliichagua St Mary's kwa sababu tu aliwahi kucheza mpira wa majini dhidi ya timu yake. Alipofuzu mwaka 1906, nusura aondoke, lakini klabu ya hospitali ya kulenga shabaha haikutaka kumpoteza mlenga shabaha hodari. Akatafutiwa nafasi katika idara ya Sir Almroth Wright, mtaalamu mashuhuri wa chanjo. Ingawa baadaye alifaulu mtihani wa upasuaji, hakuwahi kuifanya kazi hiyo. Viini vya maradhi vilikuwa vimemteka.

Vidonda vya Boulogne

Vita vilipozuka mwaka 1914, Wright na wasaidizi wake walipelekwa Boulogne, kaskazini mwa Ufaransa, wakafungua maabara ndani ya jumba lililokuwa la kamari. Fleming, akiwa afisa wa kikosi cha matibabu cha jeshi la Uingereza, alikuwa miongoni mwao.

Aliyoyaona huko hayakuandikwa katika vitabu vya udaktari vya wakati huo. Mahandaki yalikuwa yamechimbwa katika mashamba yaliyotiwa samadi kwa karne nyingi, na udongo huo ulijaa viini vya pepopunda na vya donda ndugu. Kombora lilipolipuka, kipande cha chuma kiliingia mwilini pamoja na udongo na vipande vya nguo chafu. Askari aliyefika hospitalini akiwa na jeraha la kuponyeka aliweza kufa baada ya siku chache, mguu umevimba na nyama inaoza akingali hai.

Madaktari walijibu kwa kumimina dawa kali za kuua viini, kama vile asidi ya kaboliki, ndani ya vidonda. Fleming alichukua sampuli kabla na baada ya tiba hiyo, akagundua jambo la kutisha. Katika vidonda vyenye kina kirefu, dawa hizo hazikuua viini vyote. Badala yake ziliua chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili wenyewe, na kuviachia viini uwanja.

Ili kuwathibitishia wenzake, alichukua neli ya kioo, akaiyeyusha na kuvuta ncha kadhaa zilizochongoka kama miiba, mfano wa jeraha la kombora lenye vichochoro. Akaijaza majimaji yenye viini, akayamwaga, kisha akatia dawa ya kuua viini. Baadaye alipoijaza majimaji safi, viini vilizaliana upya. Vilikuwa vimejificha katika zile ncha ambako dawa haikufika.

Wright na Fleming walishauri vidonda vioshwe kwa maji ya chumvi, nyama iliyokufa ikatwe na kuondolewa mapema, na mwili upewe nafasi ya kujitetea. Wapasuaji wengi hawakuwasikiliza. Fleming alirejea nyumbani vita vilipokwisha akiwa na swali moja kichwani: je, kuna kitu kinachoweza kuua viini bila kuudhuru mwili wa mgonjwa?

Alikuwa pia amejipatia mke. Desemba 1915, akiwa likizoni, alimwoa muuguzi mzaliwa wa Ireland, Sarah McElroy, ambaye baadaye walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, Robert, aliyefuata nyayo za babake katika udaktari.

Kisahani chenye ukungu

Jibu la kwanza lilitoka puani. Mapema katika miaka ya 1920, Fleming aligundua kwamba kamasi na machozi yana kitu kinachoyeyusha baadhi ya bakteria, akakiita laisozaimu. Kilikuwa salama kwa mwili, lakini hakikuweza kuviangamiza viini hatari zaidi.

Jibu la pili lilimjia Septemba 1928. Akitoka likizoni, alianza kupanga visahani alivyokuwa ameoteshea bakteria aina ya stafilokoka, wale wanaosababisha majipu na vidonda vyenye usaha. Kimoja kilikuwa kimeota ukungu. Watu wengi wangekiosha. Fleming alitazama tena, akaona kwamba kuuzunguka ukungu huo bakteria walikuwa wameyeyuka.

Aliikuza kuvu hiyo, akaona majimaji yake yakiua viini vingi vya maradhi bila kuzidhuru chembe nyeupe za damu. Huku ndiko kulikokuwa kule kitu alichokitafuta tangu Boulogne. Mnamo Machi 1929 aliyapa majimaji hayo jina la penisilini, na mwaka huo huo akachapisha matokeo yake. Lakini hakuwa mwanakemia. Yeye na wasaidizi wake walishindwa kuisafisha dawa hiyo na kuihifadhi bila kuharibika. Kwa takriban miaka 10, ugunduzi huo ulikaa kando.

Hapa ndipo hadithi ya darasani hukosea, kwa kumpa mtu mmoja sifa za wengi. Waliogeuza majimaji ya kuvu kuwa dawa ni kundi la Chuo Kikuu cha Oxford likiongozwa na Howard Florey, mzaliwa wa Australia, pamoja na Ernst Chain, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, na Norman Heatley, mwanabiokemia stadi wa maabara.

Mei 25, 1940, majeshi ya Uingereza yakirudi nyuma kuelekea Dunkirk, kundi hilo liliwaambukiza panya wanane viini vya kuua. Wanne walipewa penisilini, wanne wakaachwa. Kufikia asubuhi, wale walioachwa walikuwa wamekufa. Wanasayansi hao walijipaka mbegu za kuvu ndani ya makoti yao, ili Wajerumani wakivamia na maabara ikiteketezwa, dawa isipotee.

Mwezi Februari 1941 walimtibu askari polisi aitwaye Albert Alexander, ambaye uso wake ulikuwa umeliwa na usaha hata akapoteza jicho. Siku chache tu baada ya kudungwa sindano, homa ilishuka na akaanza kula. Dawa ilikuwa haba kiasi kwamba waliichuja tena kutoka kwenye mkojo wake. Ilipokwisha, viini vilirudi, na Machi akafariki. Kifo chake kilionyesha kwamba tiba inayokatizwa njiani huwapa viini nafasi ya kuinuka.

Vita vilieneza dawa, vikaeneza na usugu

Uingereza iliyokuwa ikishambuliwa kwa mabomu haikuwa na viwanda vya kutengeneza dawa hiyo kwa wingi. Florey na Heatley waliipeleka Marekani mwaka 1941. Katika mji wa Peoria, wataalamu waligundua kwamba kuvu hustawi sana ndani ya maji yaliyobaki baada ya kuloweka mahindi viwandani, na mwaka 1943 wakapata aina ya kuvu yenye mazao makubwa zaidi kutoka kwenye tikiti lililooza. Majeshi ya Washirika yalipotua Normandy Juni 1944, penisilini ya kuwatibu majeruhi wao ilikuwapo. Askari ambao mwaka 1916 wangekatwa miguu au kuzikwa walirudi makwao wakitembea.

Fleming naye alipata fursa ya kuiona dawa yake ikifanya kazi. Mwaka 1942 alimtibu rafiki ya nduguye aliyekuwa mahututi kwa homa ya uti wa mgongo, kwa penisilini aliyopewa na Florey. Mgonjwa akapona. Magazeti yalimgeuza Fleming kuwa shujaa wa taifa, mwaka 1944 akapewa cheo cha Sir, na mwaka 1945 yeye, Florey na Chain wakatuzwa Nobel ya tiba kwa pamoja.

Lakini dalili mbaya zilikuwa zimekwisha kuonekana. Desemba 1940, hata kabla ya mgonjwa wa kwanza kupona, Chain na mwenzake Edward Abraham waliripoti kwamba baadhi ya bakteria hutengeneza kimeng'enya kinachoiharibu penisilini. Viini vilikuwa na silaha tayari.

Fleming alilitambua hilo katika maabara yake. Aliona kwamba bakteria wakipewa dozi ndogo isiyotosha kuwaua, wale dhaifu hufa na wale wenye nguvu husalia, wakazaa kizazi kisichojali dawa. Katika hotuba yake ya Nobel, Desemba 11, 1945, aliwatahadharisha wasikilizaji dhidi ya siku ambapo yeyote angeweza kujinunulia penisilini dukani. Alitoa mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo anayejitibu kwa dozi kidogo, kisha akamwambukiza mkewe viini vilivyokwisha kuzoea dawa. Mke akapata homa ya mapafu, akapewa penisilini, isimsaidie, akafa. Fleming aliwauliza wasikilizaji nani wa kulaumiwa kwa kifo hicho, na yeye mwenyewe akamtaja mume.

Hakungoja muda mrefu kuthibitishwa. Katika miji ya Ulaya iliyobomolewa, Vienna na Berlin zikiwamo, penisilini iliuzwa kwa magendo. Jijini London, mtaalamu Mary Barber alichunguza stafilokoka katika Hospitali ya Hammersmith. Mwaka 1946, waliokuwa sugu kwa penisilini hawakuzidi asilimia 15. Kufikia mwaka 1948 walikuwa zaidi ya nusu. Serikali ya Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1947 kuzuia dawa hiyo kuuzwa bila cheti cha daktari. Methisilini, dawa iliyobuniwa kuwashinda viini hao sugu, ilipoingia hospitalini, bakteria walioikaidi waligunduliwa Uingereza mnamo 1961.

Fleming hakuishi kuiona methisilini. Mkewe Sarah alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Vourekas, daktari Mgiriki aliyefanya kazi katika maabara yake na ambaye wakati wa vita alifungwa jela kwa kupinga waliolikalia taifa lake. Machi 11, 1955, moyo wa Fleming ulisimama akiwa nyumbani kwake London. Majivu yake yalizikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's, kunakozikwa majemadari.

Majeraha ya karne hii

Lau angefufuka leo na kutembezwa katika wadi za majeruhi wa vita vya karne hii, Fleming asingehitaji mkalimani. Angekutana na udongo ule ule, vipande vya chuma na mifupa iliyosagika. Tofauti ni kwamba safari hii viini vingi vinazijua dawa.

Mfano mmoja ni Iraq. Vikwazo vya kiuchumi alivyowekewa utawala wa Saddam Hussein kuanzia mwaka 1990 viliziacha hospitali bila dawa za kutosha, na madaktari wakalazimika kutumia chochote kilichopatikana, kwa dozi yoyote iliyowezekana. Baada ya uvamizi wa mwaka 2003, hospitali za kijeshi za Marekani zilianza kupokea majeruhi wenye bakteria anayeitwa Acinetobacter baumannii, ambaye hakutiishwa na dawa nyingi. Wanajeshi walimbandika jina la kiini cha Iraq, wakidhani ametoka kwenye mchanga wa jangwani. Uchunguzi ulionyesha kwamba mara nyingi chanzo kilikuwa hospitali zenyewe za uwanja wa vita. Majeruhi alihamishwa kutoka hema hadi hospitali, kutoka nchi hadi nchi, na kiini kikasafiri naye.

Mwaka 2006, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilifungua huduma ya upasuaji wa kurekebisha viungo mjini Amman, Jordan, kwa ajili ya majeruhi wa Iraq, na baadaye wa Syria, Yemen na Gaza. Wengi walifika wakiwa wamepasuliwa mara kadhaa kwingineko, mifupa yao ikiwa imeingiwa na viini sugu. Walihitaji kutengwa na wenzao, kupimwa kwa makini na kutibiwa kwa wiki nyingi kwa dawa ghali. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden waliochunguza sampuli za wagonjwa wa Ukraine walikuta bakteria wa Klebsiella pneumoniae ambao baadhi yao walikaidi hata kolistini, dawa inayowekwa akiba kwa hali ya mwisho. Katika Ukanda wa Gaza pia, baada ya vita vilivyozuka Oktoba 2023, madaktari wameripoti vidonda vyenye viini sugu kwa dawa nyingi.

Sababu hazifichiki. Vita hubomoa maabara, na daktari asiye na maabara hubahatisha. Kwa kuogopa kumpoteza mgonjwa, humpa kiuavijasumu kinachopiga viini vya kila aina, na bakteria wengi wakajifunza kwa mpigo. Maji ya kunawa mikono hukosekana, wadi hufurika, majitaka humwagika. Mgonjwa aliyeanza dozi ya siku 10 hukimbia mabomu siku ya tatu. Dawa bandia hupenya mipakani. Tena bakteria wana uwezo wa kupeana siri hiyo ya usugu, hata kati ya jamii moja na nyingine.

Katika hali hiyo, lawama ya mume yule wa hotuba ya Nobel haiwezi kubebeshwa mgonjwa. Mama aliyekimbia na mwanawe mwenye kidonda hakukatiza dozi kwa uzembe. Hapa ndipo mfano wa Fleming unapohitaji kuongezewa jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua tangu Boulogne: kidonda cha vita hakiponi kwa dawa pekee. Huhitaji upasuaji wa mapema, maji safi, mikono safi na maabara inayotaja kiini kwa jina kabla ya dawa kuchaguliwa. Kuzilinda hospitali zisipigwe mabomu ni sehemu ya kulinda dawa zenyewe.

Wala asijidanganye aliye mbali na milio ya bunduki. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Kenya ilizindua sera yake ya kukabiliana na tatizo hilo mwaka 2017, na Septemba 2024 mataifa wanachama wa Umoja wa Mataifa yaliazimia kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu huo kwa asilimia 10 kufikia 2030. Hata hivyo, wapo wangali wakiingia katika maduka ya dawa mitaani na kutoka na vidonge vinne vya kiuavijasumu bila cheti, kwa kuwa pesa za dozi nzima hazikutosha.

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Fleming alisema lake mapema, mbele ya wakuu wa sayansi, siku ambayo wengi wangeridhika kupokea pongezi na kuketi. Katika wadi za majeruhi, wapo ambao mifupa iliyovunjwa na makombora haiungi kwa sababu dawa zimeishiwa nguvu. Wengi wao ni vijana wa umri ule ule wa askari aliowauguza Boulogne.